Avis Mabberley, Mpiga Kengele ya Tatu

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne na robo asubuhi, Hester Pym, binti wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea, alikuwa amepiga magoti jikoni kwake akisugua oveni, povu limempanda hadi viwikoni, simu ikalia, na muuguzi akamwambia kwa upole kwamba mama yake ameaga dunia dakika kumi zilizopita. Hester alinawa mikono, akamalizia rafu moja iliyobaki kwa sababu hakujua aanze na lipi, kisha akampigia mdogo wake Piers.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1943 hapa hapa Nether Wendle, mtoto pekee wa Harold Tranter, fundi wa matandiko ya farasi, na mkewe Ivy. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1948, akaendelea na sekondari mjini Ludlow, akahitimu mwaka 1960, na mwaka huo huo akaajiriwa katika posta yetu, akauza stempu pale dirishani kwa miaka thelathini na miwili, na alipenda kusema kwamba aliyemwona mtu akilamba stempu hana haja ya kuambiwa zaidi kumhusu. Mwaka 1964 alijiunga na wapiga kengele wa kanisa hili, akafundishwa na Bwana Clement Gittins, akakabidhiwa kamba ya kengele ya tatu kati ya sita. Tarehe 14 Septemba 1968 alifunga ndoa na Desmond Mabberley, fundi wa matrekta, wakajaliwa watoto wawili, Hester mwaka 1976 na Piers mwaka 1979.

Posta ilipofungwa mwaka 1992, marehemu alinunua madaftari sita na kuanza kuandika riwaya za upelelezi za kuchekesha, zile ambazo mtu anakutwa amekufa ukurasa wa tatu na chai inamiminwa ukurasa wa nne, na hadi mwisho aliandika tisa. Alisema mpelelezi kazi yake ni kumkamata muuaji tu, kitabu kinabebwa na majirani, na majirani hao aliwatengeneza kwa kanuni moja, mwendo auchukue kwa mtu mmoja, mdomo kwa mwingine, na kosa kwa wa tatu, ili asiwepo wa kusema huyu ni mimi. Ndivyo alivyozaliwa yule muuza nyama anayewaita wateja kwa walichonunua jana, "Karibu, Bibi Maini, hujambo, Mzee Soseji?", na yule mama anayewafumia kuku wake sweta halafu anakana kwamba anawapenda. Wengi mlioketi hapa mmejitafuta humo kwa miaka, na wengine mlilalamika kwamba hammo.

Mwaka 2012 marehemu aliivunja kanuni yake. Desmond alikuwa amepata kiharusi, mchapishaji alikuwa anadai kitabu, na yeye hakuwa na nafasi ya kuchanganya watu watatu, kwa hiyo akamchukua mmoja mzima. Bwana Gittins alikuwa amemwambia siku moja mnarani, wakipaka kamba nta, kwamba tangu mkewe Olwen afariki anamimina vikombe viwili vya chai kila asubuhi, na hugombana na kile cha pili kuhusu sukari. Marehemu aliliandika hilo kama lilivyo, na wasomaji wakacheka sana, kisha asubuhi moja dukani mtu akamwuliza Bwana Gittins mbele ya foleni, "Clement wee, leo bibi kakubali sukari?" Aliuweka mkate wake kaunta, akatoka, na Jumapili iliyofuata hakupanda mnarani.

Marehemu alimwandikia barua tatu, zote zikarudi bila kufunguliwa. Akaona kwamba mnara hauwezi kuwabeba wote wawili, akaiachia kamba ya tatu ili mwalimu wake arudi, naye akarudi, na kwa miaka kumi na miwili marehemu alizisikiliza kengele akiwa jikoni kwake, mikono ikivuta hewa. Desmond alifariki tarehe 2 Mei 2015, na hata mazikoni Bwana Gittins hakuja.

Tarehe 12 Agosti 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Siku zake za mwisho alimwambia Hester, "Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, mwanangu, kosa ni langu. Mwambie tu ningependa kengele zifungwe ngozi." Desturi yetu ya msiba mnaijua, ulimi wa kengele hufungwa ngozi upande mmoja, pigo moja likalia wazi na la pili likawa kama mwangwi, na mwenye kuamua ni kiongozi wa mnara peke yake, yaani Bwana Gittins. Hester alipeleka ujumbe huo mlangoni kwake, akajibiwa, "Nimesikia," mlango ukafungwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta supu hadi sufuria zikakosa pa kukaa, wastaafu wenzake wa posta, na wasomaji waliotuma barua.

Jana jioni, Alhamisi, Hester alikuwa anapakua pai ya nyama na viazi, watu saba mezani, mlango ukabishwa. Alikuwa Bwana Gittins na mfuko wa ngozi za kengele.

"Hizi zimekauka, Hester. Una mafuta?"

"Yapo. Kaa ule kwanza, mzee, chakula kinapoa."

"Kesho tutapiga tano," alisema akivuta kiti. "Ya tatu haiguswi. Mtasikia pengo, mtu asidhani tumekosea."

Piers akamwuliza kama alikuwa bado na hasira. "Sana," akasema. "Nimemkasirikia miaka kumi na miwili, na kila Jumapili aliyeishika kamba yake alikuwa anachelewa."

Hester alihesabu, wakawa wanane, hakuna aliyekosekana, akamimina chai. Bwana Gittins alivuta kikombe kimoja zaidi, akakijaza mwenyewe, akakiweka mbele ya kiti kitupu kilichokuwa cha marehemu, akatia sukari vijiko viwili bila kumwuliza mtu.

Pumzika, Avis binti Harold Tranter, chai yako imekwisha kumiminwa.