Mzee Bembeleza na Kikombe cha Bati

Tangu Jumanne korido ya nyumba hii iko kimya. Kila asubuhi mpira wa gofu wa marehemu ulibingirika sakafuni hapo ukagonga kikombe cha bati, na mkewe akajua kumekucha. Siku hizi anaamka mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mkata nyasi wa uwanja wa gofu, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya uwanja huo. Alisoma shule ya jirani na kumaliza sekondari mwaka 1970. Hesabu zilimpiga chenga, michezo ilimkubali.

Mwaka 1974 aliajiriwa uwanjani hapo kuwa mwalimu, akadumu hadi alipostaafu. Wenzake walifundisha kupiga mbali. Yeye alifundisha mipigo mifupi, ile ya karibu na shimo, ambako wenye mabavu huumbuka. "Legeza vidole. Egemea mguu wa mbele. Chagua kwanza mpira utue wapi. Usiupige, ubembeleze!" Ndipo akaitwa Mzee Bembeleza.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa fundi cherehani, naye alikuwa na neno lake. "Mpira unabembelezwa, na mimi je? Mimi naulizwa tu soksi ziko wapi." Marehemu alicheka, akabeba fimbo zake, akaenda. Miaka ikapita, swali likabaki, kicheko kikapungua.

Mwaka 2017 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alisema dawa zipo za kutuliza, si za kuponya. Akabaki na fimbo moja tu, ya korido. Mkewe alimwogesha, akamvisha, akamlisha, mpaka uchovu ukamfunga mdomo yeye mwenyewe, chakula hakimpiti. Jioni moja ya Aprili mwaka huu, marehemu alikishika kijiko cha supu mwenyewe, akakielekeza kwa mkewe.

"Kimoja tu, mama watoto. Kwa ajili yangu."

Nusu yake iliishia kwenye gauni.

"Umenimwagia, baba!"

"Bado najifunza. Haya, kingine."

Alimbembeleza hivyo hadi bakuli likaisha.

Alifariki nyumbani, usingizini, Jumanne tarehe 6 Mei 2025. Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watano na dada yake mkubwa. Mungu ampe pumziko alilolistahili.

Leo analazwa nyuma ya nyumba, upande wa dirisha la jikoni.