Singo Isiyo na Bibi Harusi: Kwaheri ya Bi Hasina Yasini

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Hasina Yasini anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunyamazisha hapa Maktaba ya Jamii Pwani Yetu, Tongoni. Wazee wanaosinzia juu ya magazeti sasa watakoroma kwa uhuru.

Mzaliwa huyu wa Usagara aliajiriwa kama mkutubi msaidizi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi, na hazikupita wiki mbili akawa anawaamuru wakubwa wake walifute wao. Alipopandishwa kuwa mkutubi mkuu hakuna aliyeona tofauti.

Kompyuta zilipoletwa mwaka 2019, uongozi wetu ulizizindua mara tatu, kila mgeni rasmi na utepe wake. Kisha vijana wa kiume wakazikalia kutwa nzima wakitazama mpira, na ripoti ikaandikwa kwamba wanawake wa hapa hawana mwamko. Bi Hasina aliisoma akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Simu ya nyumbani iko mfukoni mwa mume, alituambia, bando ananunua yeye, maelekezo yote ni Kiingereza, na mwanamke akienda kubanana na vijana wa watu kwenye benchi moja, mtaa mzima utamsema. Ripoti hiyo aliitumia kufungia vitumbua.

Mwaka 2022 Hafsa, binti wa Mzee Zubeiri fundi seremala, alitaka kuomba nafasi chuo cha uuguzi. Maombi yalipokelewa mtandaoni tu, na dirisha lilikaribia kufungwa. Baba yake alikwishaapa kwamba binti yake hatakanyaga chumba kile cha mpira.

Basi Bi Hasina akahamishia kompyuta nne chumba cha uani, akatundika khanga mlangoni, akafukiza udi na kutangaza kuwa kuna singo kila Jumamosi. Kwa wageni wa pwani: singo ni kumsugua bibi harusi kwa manukato, na mwanamume mwenye akili zake hausogelei mlango huo. Mkurugenzi wetu alikuja kuulizia kompyuta zake, akanusa udi, akageuza gari.

Wanawake walijaa. Bi Leticia wa kambi ya mkonge alikuja na dodoki tayari kusugua, akaondoka na anwani ya barua pepe. Kila kitufe kilibandikwa kikaratasi cha Kiswahili kwa mkono wa Bi Hasina, na Hafsa akatuma maombi yake.

Majuma yakapita, harusi haionekani. Wanaume wakaanza kuulizana ni bibi harusi gani huyo asiyetakata. Siku jibu la chuo lilipokuja, vigelegele vilipasuka, na Mzee Zubeiri akaja mbio na randa mkononi, akasimama nje ya khanga akidai kujua nani kamposa binti yake bila yeye kuambiwa. Hafsa akatoka, akampa shikamoo, akamsomea jibu. Mzee akauliza chuo kiko wapi. Kiko bara, mbali. Akauliza tena, taratibu, sasa atakuwa anamwonaje mwanawe.

Bi Hasina akamwambia avue viatu aingie, akamwonyesha kamera ya kompyuta atakayomwonea kila Jumamosi. Sote tulitokwa na machozi, hata waliodai ni moshi wa udi.

Hafsa anahitimu mwaka huu. Uongozi nao umeomba kompyuta zirudi mbele kwa uzinduzi wa nne. Bi Hasina amejibu kwamba khanga imefuliwa jana na itabaki mlangoni, na sisi tunaobaki tutailinda.

Ahsante, mama. Umetufokea vya kutosha na tulikupenda kila mara. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na wajukuu watiifu. Ila Jumamosi usiache kupita. Mzee Zubeiri bado huvaa kofia yake safi na kukaa mbele ya kamera. Akishaaga, hajui kukata simu. Hubaki akimtazama mwanawe, na Hafsa, anayejua, hakati.