Shujaa Aliyemtaja Mpwa Wake

Kaka yetu Willis Odero alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 huko Ugenya, akiwa kifungua mimba. Mimi ninayewasomea wasifu huu, Roseline, ndiye kitinda mimba. Kamati ya mazishi imeandika "Shujaa wa Imani" kwenye jalada la programu bila kuniuliza. Tutafika hapo.

Alisoma shule ya msingi nyumbani, kisha akaletwa Nairobi kwa baba mdogo, mfanyakazi wa reli pale Makongeni, akamaliza sekondari mwaka 1975. Hakuwa mwanafunzi wa ajabu, ila uongo ulimshinda. Likizo moja tulilamba sukari ya mama. Kabla hata hajaulizwa, alijitaja, kisha akanitaja na mimi. Nilichapwa kwa sababu yake.

Mwaka 1977 aliajiriwa kwenye karakana ya reli, fundi wa breki, hadi alipostaafu mwaka 2006. Alifunga ndoa na shemeji yangu Clare tarehe 17 Desemba 1983, wakahamia Buruburu, wakajaliwa binti, Lenah. Nilipofiwa na mume wangu, mwanangu Owiti alikula kwao zaidi kuliko kwangu. Willis ndiye aliyemshika siku ya ubatizo.

Agosti 2017, siku za ghasia za uchaguzi, vijana walivunja duka la jumla la Mumin kule mtaa wa Tena. Mumin alipigwa chuma, akapoteza jicho. Willis alikuwa amekwenda kununua unga, akamwona aliyeshika kile chuma. Alikuwa Owiti wangu.

Willis alipoitwa kutoa ushahidi, nilimwomba aseme giza lilikuwa limeingia. Nilimpigia magoti. Hakimu alipomwuliza kama anamjua mshtakiwa, alijibu, "Namjua. Ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye nilimshika akibatizwa." Owiti alifungwa miaka sita. Nilikasirika, na bado nina hasira, msinitazame hivyo.

Kila mwezi Willis alikwenda gerezani, na Owiti hakutoka kumwona. "Mwambieni huyo mzee aende kwake," aliwaambia askari. Willis aliacha sabuni, akarudi mwezi uliofuata. Majuzi nilimwuliza mwanangu ni nini kilichomfanya hatimaye atoke kumwona mjomba wake. "Mathe, nilidhani buda atachoka," akasema. "Nikachoka mimi."

Februari 2024 Willis alipatikana na saratani ya tumbo. Owiti, ambaye sasa yuko huru, ndiye aliyemwogesha na kumbeba ngazini. Mimi nilimpikia uji wa wimbi. Jumanne ya mwisho, jioni, aliniuliza, "Rose, ungekuwa wewe mbele ya hakimu, ungesema nini?"

"Kunywa uji kwanza," nikamwambia.

Akacheka, akanywa kidogo. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, alituacha.

Mumin alikuja msibani, akampa Clare pole, akaketi karibu na lango. Owiti alimpelekea chai. Hakuipokea. Haya mambo hayajaisha, na tusiyafunike kwa nyimbo.

Pasta alituambia juzi kwamba shujaa wa Mkristo ni mtu wa imani. Sawa, lakini imani hata mimi ninayo, na viti hivi vimejaa wenye imani. Imani ya wengi wetu haijawahi kutugombanisha na mtu tunayempenda. Willis alisema kweli dhidi ya damu yake, kisha akakataa kuitupa damu hiyo. Angekomea kwenye kusema kweli, ningepata mtu wa kumchukia vizuri. Alininyima hata hilo, kwa sabuni zake.

Ameacha mjane wake Clare, binti yake Lenah na mumewe, wajukuu wawili, mimi dada yake, na mpwa wake Owiti. Jina la Owiti kamati ilikuwa imelisahau. Nimelirudisha mwenyewe, na kesho atakuwa mbele kwenye jeneza tukimpeleka mjomba wake Ugenya.

Willis, uji ule ulipoa na sikukujibu. Nimezunguka na swali lako siku zote hizi, jikoni, kanisani, hata hapa nikisoma. Ningenyamaza, kaka. Mumin angebaki na jicho moja, na mimi ningenyamaza.

Jalada libaki lilivyo. Bwana akupumzishe.