Sarafu ya Mia Mbili ya Laurenti Upunda

Baba Paroko, wakwe zetu, ndugu zetu Wakristo na Waislamu, majirani wa Kipatimu, na nyinyi mliotoka Mingoyo mkaipanda barabara yetu hii yenye mashimo, poleni na msiba, poleni na safari. Familia imemtuma mdogo wake marehemu, Skolastika, aeleze maisha ya kaka yake, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba ataisoma habari hii kama ilivyokuwa na si kama ambavyo ingependeza, kwa hiyo mvumilieni.

Laurenti Klementi Upunda alizaliwa tarehe 11 Februari 1958 hapahapa Kipatimu, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Klementi Upunda na mama Bernadeta, akaanza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972, na walimu wake walisema ana jicho kali na kichwa kigumu, mambo mawili ambayo hayakumwacha mpaka juzi Jumanne.

Mwaka 1974 aliteremka Lindi mjini, akapokelewa na fundi saa Ramadhani, Mungu amrehemu, aliyemfundisha kazi na kumlisha kama mwanawe, na hapo ndipo alipoizoea ile lenzi ndogo ya kubana jichoni, akaishi nayo miaka ishirini na tisa, hadi simu za mkononi zilipoenea na watu wakaacha kupeleka saa kwa fundi. Alirudi nyumbani mwaka 2003, akafungua genge la chumvi, sabuni na viberiti, lakini lenzi hakuiweka chini, akaihamishia kwenye chenji.

Kila sarafu iliyopita gengeni aliishika kwa vidole viwili, juu na chini, akaizungusha, kwa sababu iliyo sawa picha zake zote mbili husimama wima, na iliyokosewa kiwandani, ambayo wakusanyaji huinunua kwa bei kubwa, upande mmoja hulala au huwa kichwa chini, kisha akapitisha ukucha ukingoni, akatafuta herufi iliyojirudia au picha iliyokaa upande, na wakati wote huo mteja wa kiberiti amesimama anangoja chenji kama anayengoja majibu ya mtihani. Tulimcheka sana, tusiseme uongo.

Tarehe 14 Septemba 1985 alifunga ndoa na Monika, mjane mnayemwona pale mbele, wakajaliwa watoto wawili, Klementi aliyezaliwa mwaka 1987 na Happiness aliyezaliwa mwaka 1997, na huyu Happiness ndiye aliyerithi jicho la baba, akakaa naye gengeni tangu hajaanza shule, wakigombania lenzi moja.

Mwezi Desemba 2016 Laurenti aliipata sarafu aliyoitafuta miaka kumi na tatu, shilingi mia mbili ambayo picha zake zilipigwa pembeni, ikabaki sehemu tupu kama mwezi mchanga, na mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam akaahidi kuja baada ya Pasaka na fedha ya kutosha kumlipia Happiness ada ya mwaka wa kwanza wa chuo cha uuguzi. Akafikiri aifiche wapi, akaona hakuna mahali salama kuliko kikombe cha sadaka, kile familia inachowekea sarafu za Jumapili, maana nyumba hii hakuna mtu wa kuiba sadaka, na hakumwambia yeyote.

Jumapili tarehe 12 Machi 2017 Happiness alichelewa misa ya kwanza, akachota kikombeni bila kutazama, akatoa. Laurenti alipogundua ilikuwa Jumatatu mchana, na siku hiyo asubuhi, kama kawaida ya hapa, wenye maduka walikuwa wameshakwenda parokiani kubadilisha noti kwa sarafu za sadaka ili wapate chenji, ndugu yetu Abilahi akiwa wa kwanza, na alipoulizwa alisikitika, akasema zote zimekwisha toka. Kosa lilikuwa la Laurenti mwenyewe, kila mtu alilijua, naye alilijua kuliko wote, na pengine ndiyo maana alimwambia binti yake neno lile mbele ya watu: "Usiurudie mlango wangu bila sarafu yangu."

Happiness naye ni Upunda. Aliondoka tarehe 15 Machi, akafika Mingoyo, akaanza kuuza chai na chapati pale njia panda ambapo mabasi ya kusini yote husimama, na kuanzia Mei akawa anatuma kila mwezi kifurushi cha sarafu za mia mbili kwa basi, bila barua, na baba anazikagua moja moja, anazirudisha zote kwa basi pamoja na korosho alizobangua mwenyewe, naye bila barua. Hawakupigiana simu hata siku moja. Mama yake alikwenda kumwona kila mwaka, baba akabaki kumuuliza kama mtoto amenenepa.

Mwezi Juni mwaka huu, ini lilipoanza kumsumbua, alimwonyesha mdogo wake huyu anayesoma ganda la kiberiti, na ndani yake imo ile sarafu, ilikuja katika kifurushi cha tarehe 9 Februari 2023. Alipoulizwa, kwa maneno makali ambayo hayafai kusomwa mbele ya jeneza, kwa nini amenyamaza miaka miwili na zaidi, alijibu: "Nikisema imepatikana, ataacha kutuma."

Alilazwa tarehe 22 Septemba, na Jumatatu tarehe 6 Oktoba jioni alikubali apigiwe, akasema kwa shida kwamba sarafu ameipata, ameipata zamani, na simu ilikuwa na sauti kubwa, waliokuwepo walisikia Happiness akilia na kusema: "Najua, baba. Niliiona kabla sijaituma. Nilikuwa nangoja uniite."

Kaka akasema, "Basi njoo."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Happiness alipanda basi la kwanza, na baba yake alifariki Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa moja na dakika arobaini asubuhi, basi likiwa bado njiani, halijafika hata Nangurukuru.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliochimba kaburi na kupika, ndugu Abilahi aliyefunga duka siku tatu, mafundi saa wa Lindi, na makondakta mliobeba vifurushi vile miaka minane bila kupoteza hata kimoja. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu, na mmoja wa wajukuu hao, wa miaka minne, aliyezaliwa Mingoyo, hakuwahi kumwona babu yake.

Kaka Laurenti, mtoto amekuja. Lala sasa, pumzika kwa amani.