Kiraka cha Angani

Treni ya jioni ilijaa nusu. Mbele yangu, fundi bomba alikuwa akimlalamikia mama mshonaji, abiria mwenzake, kuhusu filamu ya mwanaanga aliyeachwa peke yake huko juu.

"Chombo kinavuja hewa, naye anabandika kiraka kwa ndani! Tundu huzibwa kwa nje, mama."

"Wapi, mwanangu! Kiraka cha heshima hukaa ndani. Kwani hakupona?"

"Alipona kwa bahati tu." Fundi alikuwa ameitazama filamu hiyo mara tatu, labda kuhakikisha.

Treni ikasimama. Fundi alipoinuka, mama akaliona goti la suruali yake: kiraka kikubwa, kimeshonwa kwa nje, tena kwa waya.

"Yarabi! Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe," akajibu kwa fahari, akishuka. "Mwaka wa nne huu, hakijavuja."