Kopo la Damien Halivuki Barabara

Kijiwe chetu kiko Jeppestown, huku kusini kabisa mwa Afrika, mbele ya duka la Damien la kutengeneza simu, karibu na robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ambayo tangu mwezi wa tatu inawaka nyekundu tu. Ni benchi moja refu lenye miguu mitatu na tofali. Fauzia wa Kigoma anatuuzia kahawa ya tangawizi, na wakaaji wa kudumu ni watatu. Damien, fundi, mtu wa Kolwezi, tunamwita Dokta. Mwangi, Mkenya, anafanya kazi benki. Miaka sita sasa hajasema ni kazi gani, na sisi tuliomwona amesimama mlangoni na redio ya mkononi tumekubaliana kumwita Gavana. Wa tatu ni mimi, muuza kofia kutoka Tanga. Mimi naitwa Balozi, kwa kuwa nimepoteza pasipoti mara mbili. Kazi yetu ni kumaliza matatizo ya nchi kubwa kabla ya saa tatu, wateja wanapoanza kufika. Hakuna nchi hata moja iliyowahi kutushukuru.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la Elisée. Elisée alijifunza ufundi kwa Damien miaka minne, kisha mwaka jana akafungua lake, bila ugomvi, bila hata kuchukua bisibisi. Damien akasema kijana kaondoka na ujuzi wake kichwani, na akapiga marufuku spea yoyote isivuke barabara. Kopo lake la biskuti, lililojaa chipu alizong'oa kwenye bodi mbovu, likahamia chini ya benchi ili tulilinde. Sisi tukapiga kura ya kumuunga mkono. Tena tukapitiliza, tukamkataza na Fauzia asimpelekee Elisée kahawa. Tulijiona watu wa maana sana.

Ijumaa hiyo Mwangi alifika na habari kwenye simu.

Mwangi: Mmesikia? Wamarekani wamekaza tena. Zile chipu kali, Mchina hauziwi. Na hata mashine za kuzitengeneza, hauziwi.

Damien: Juu ya nini?

Mwangi: Ati akizipata atakuwa na nguvu sana.

Mimi: Si alikuwa mteja wao?

Mwangi: Mteja mkubwa, bana! Sasa ameona hii maneno haiishi, ameamua kujitegemea. Anajenga viwanda vyake, anafunza watu wake. Zingine ameshaanza kutengeneza.

Mimi: Kujitegemea? Hilo neno letu hilo! Sisi tuliliimba shuleni kila asubuhi, jembe begani. Mchina alikuja kutujengea reli, akalisikia, akaondoka nalo.

Fauzia: Na nyie mkabaki na nini?

Mimi: Na wimbo.

Hapo akaja Léocadie. Ni mshonaji, mtu wa Bukavu, ana kichumba chake nyuma ya mtaa. Hajawahi kukaa kwenye benchi letu, ana kazi zake. Siku hiyo alikaa pembeni kabisa, upande wa tofali, mkoba magotini.

Léocadie: Bonjour ba papa. Papa Damien, niko na shida kidogo.

Damien: Maman, ngojea. Tuko Beijing.

Akangoja. Fauzia akammiminia kikombe.

Damien: Mimi nitawaambia. Mambo yote iko Kolwezi. Kobalti inatoka nyuma ya nyumba ya baba yangu. Serikali ilisema isitoke kwanza, dunia yote ikaanza kulia. Mimi ningelibakia kule, hii vita ingelikuwa imekwisha.

Mwangi: Wewe si ulitoka huko ukiwa na miaka tisa?

Damien: Voilà! Njo maana haiyakwisha.

Mwangi: Sasa angalieni hiyo robot. Mnadhani imeharibika? Hiyo iko na chipu ya Mchina na programu ya Mmarekani. Haziongei. Kila moja inangoja mwenzake iseme kijani.

Mimi: Ndiyo maana birika langu la umeme linazima lenyewe kila wakubwa wanapokutana!

Fauzia: Birika lako lina nyufa, Balozi. Nimeliona.

Mimi: Nyufa zimetoka wapi? Hujiulizi?

Mwangi: Na huyo Mchina naye si malaika. Ako na madini yake adimu, yale ya kutengenezea hizi vitu zote. Naye akafunga mkono. Sasa wote wawili wamekaa juu ya mzigo, na sisi huku tunalipia.

Damien: Eish, sikilizeni. Mimi nimefungua simu elfu kumi, minajua. Ule Mumarekani ni mujinga. Mutu alikuwa anakuja kwako kila siku, anakuheshimu, anakuita rafiki. Unamufungia mulango. Atafanya nini? Ataenda kujifunza yeye mwenyewe! Kesho hana haja na weye.

Tulipiga makofi. Mwangi alisema Damien angefaa kuwa waziri. Mimi nilimnunulia kikombe cha pili, na mkono wangu ulipogusa kopo chini ya benchi, nikalisogeza ndani zaidi, lisionekane kutoka ng'ambo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kichekesho. Tulikuwa watu wazima watatu wenye akili timamu.

Léocadie akaweka kikombe chini.

Léocadie: Papa Damien, mumetoka Beijing?

Damien: Tumefika, maman. Sema.

Léocadie: Mashine yangu ya kudarizi, ile ya kompyuta, imekufa tangu Jumatatu. Sindano haishuki. Niko na vitambaa makumi ine vya bamama ya kanisa, ni vya Siku Kuu ya kesho kutwa. Nimemaliza kumi na mbili tu. Nikikosa, kazi ya kanisa itaenda kwa mwingine, na mimi ile kazi njo inasomesha watoto wangu.

Damien: Leta mashine. Nitaangalia.

Léocadie: Iko kwa Elisée.

Mwangi akaangalia saa yake.

Léocadie: Aliifungua, akaona ni chipu moja ya mota imeungua. Duka la mjini banasema itatoka China, mwezi mzima. Elisée alisema iko mahali moja tu, ndani ya kopo yako. Hakunituma. Nimekuja mwenyewe.

Damien alilitoa kopo, akalifungua magotini kwake, akapekua kwa kidole. Aliipata upesi sana. Nilimwona akiishika kwenye mwanga, kijitu kidogo kuliko ukucha wa mtoto, na uso wake ukalainika. Basi kama tungenyamaza sisi wengine, nadhani angempa. Lakini kijiwe hakijui kunyamaza.

Mwangi: Dokta, subiri. Hilo ni jambo la kura.

Mimi: Ni kweli. Marufuku tuliipitisha sote.

Mwangi: Tunaweza kuweka masharti. Elisée aje mwenyewe, asimame hapa, aombe.

Mimi: Na aandike kwamba haitatumika kwa mashine nyingine!

Hayo nimesema mimi, kwa mdomo wangu. Naona haya mpaka leo.

Léocadie: Balozi, ni bamama ya kanisa. Banataka maua kwenye kitambaa. Vita yenu, mimi nimeingilia wapi?

Alilia kidogo, kwa hasira, akajifuta na kiganja. Fauzia alitutazama mmoja mmoja.

Fauzia: Haya, pigeni kura yenu. Nione.

Mwangi akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha. Damien hakunyoosha wala hakukataa. Alikaa na chipu kiganjani, akitazama ng'ambo. Kisha akainuka. Akaenda hadi ukingoni mwa barabara, kopo kwapani, akasimama pale kwa mazoea mbele ya taa nyekundu isiyobadilika, kama mtu anayengoja ruhusa.

Ndipo tukasikia. Tiki-tiki-tiki, kutoka dukani kwa Elisée. Kwanza polepole, halafu haraka, halafu mfululizo.

Elisée akatokea mlangoni, mkono mmoja una grisi, mwingine una kikombe.

Elisée: Maman Léocadie! Imepona! Nimepata bodi ya mashine ya kufulia kwa wauza vyuma, nimeiunganisha njia ingine. Nimekesha nayo siku tatu. Kuja uone ua!

Kisha akamwona Damien amesimama upande wa pili.

Elisée: Bonjour, mwalimu.

Damien alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza ile mashine kama anavyosikiliza simu mbovu, na sisi tulijua anatafuta kosa. Alisikiliza muda mrefu.

Damien: Haina kosa. Hata moja.

Alisema kwa fahari, kama mzazi. Mtu angeweza kumkumbatia saa ile, lakini mimi na Mwangi tulikuwa tumeshika vikombe.

Léocadie alichukua mkoba wake, akamrudishia Fauzia kikombe na kumshukuru. Alipompita Damien alisimama. Hasira ilikuwa imemwisha. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

Léocadie: Papa Damien, weye unatengeneza simu. Hii chipu haiingie kwenye simu. Sasa ulikuwa unamuwekea nani?

Damien aliitazama chipu. Akatugeukia sisi, maana sisi ndio tulikuwa na majibu ya kila kitu. Mwangi alikumbuka kwamba benki inafunguliwa, lakini hakuinuka. Mimi nilitafuta neno kwa Mchina, nikatafuta kwa Mmarekani, nikatafuta mpaka Kolwezi, nikakosa.

Léocadie akavuka barabara.

Nikamnyooshea Fauzia kikombe changu. Akaliinamisha birika, likatoa tone moja.

Fauzia: Imeisha.

Harufu ya kahawa bado ilikuwepo lakini. Nzito, nzuri kuliko ile tuliyozoea, na ilikuwa inatoka ng'ambo.

Mwangi: Kwani yule amejifunza lini kupika kahawa?

Fauzia: Tangu mlipomkataza yangu.