Mbuzi Aliyekimbia kwa Niaba Yangu

Ndugu zangu, sifa zote ni za Bwana, na pole nipeni mimi, maana kama mnavyoona bado ninahema. Nimekuja kanisani leo kwa mbio kutoka nyumbani, sketi nimeishika mkononi. Wanaonifahamu tangu zamani wanajua huo peke yake ni muujiza. Tungeweza kusema amina hapa hapa tukaenda kunywa chai.

Mimi kwa asili ni mtu wa ndani. Zamani nilipokuwa sekondari kule Moshi nilikimbia, tena shule ilinitegemea kwenye mita elfu moja na mia tano. Nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikapata kochi. Kochi na mimi tulipendana mara moja. Mume wangu ni dereva wa watalii, na kazi ikatuleta hapa Karatu, tukajenga vyumba viwili kando ya njia ya kwenda Mbulumbulu. Majirani wote Wairaqw, Wachaga ni sisi wawili. Tulisalimiana vizuri. Salamu ya Kiiraqw niliijua moja, na nilivyoitamka watoto walianguka chini kwa kicheko.

Halafu tukapata mtoto wa kike. Akaishi siku tatu.

Hapo sitasema mengi. Majirani walikuja wakachimba, wakazika, wakaondoka. Baada ya siku ile hakuna aliyepiga hodi. Ndugu zangu, kwetu Kilimanjaro nyumba ya msiba hujaa watu hadi unakosa kona ya kulia. Huku, kimya. Nilikuwa namsikia Mama Paskalina, jirani wa ng'ambo ya barabara, akija anaongea kwa sauti, na akifika usawa wa geti letu anashusha. Nikajiambia, wananiona nina mkosi. Basi nami nikaamua nisiwasumbue. Nikaacha kwenda sokoni, nikaacha kwenda kanisani. Mchungaji aliambiwa naumwa, na ilikuwa kweli, ila ugonjwa wenyewe hauna sindano. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

Asubuhi nyingine mume wangu alikuwa anaingia na mahindi mabichi, au chupa ya maziwa, alivyovikuta juu ya nguzo ya geti. Nikadhani kuna mtu amesahau. Mtu anasahau maziwa getini kwako mwaka mzima na wewe hushtuki. Hicho ndicho kidato cha nne changu.

Sasa mume wangu akaachiwa simu na mgeni wake, mzee mmoja aliyemzungusha Ngorongoro siku nne. Ndani ya simu kulikuwa na programu ya kupima mbio. Unaibonyeza, inatafuta mitambo ya angani, na popote unapokwenda inahesabu mita na kuchora njia uliyopita.

"Mke wangu, wewe ulikuwa mkimbiaji," akaniambia. "Anza polepole. Nikirudi kutoka kreta nitasoma umefika wapi."

Alisema kwa upole, ndiyo maana sikuweza kumkatalia. Na kutoka nje ya geti sikuweza. Basi nikafanya dhambi ambayo leo naiungama mbele yenu: niliifunga ile simu kwenye kitambaa, nikamvika shingoni mbuzi wetu wa maziwa. Mbuzi akafanya mazoezi siku tano, mimi niko kwenye kochi.

Mume wangu akarudi, akaoga, akakaa, akaifungua. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akarudi kwenye simu.

"Hapa naona umeuzunguka mparachichi siku nzima."

"Napasha misuli."

"Na hapa umesimama saa nzima hujasogea."

"Alikuwa anacheua," nikasema, na siri yangu ikaishia hapo.

Tulicheka, ndugu zangu. Tulicheka hadi mume wangu akashuka kwenye kiti. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kitu kama hicho tangu mazishi. Kisha yeye akaacha kucheka. Alikuwa bado ameishika simu, anaufuata ule mstari kwa kidole.

"Hata mbuzi hakufika getini," akasema. Halafu akaniuliza taratibu, "Na wewe? Mara ya mwisho ni lini?"

Hakunihubiria. Alinishika mkono akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: "Bwana, mfikishe getini." Basi.

Kesho yake, yeye ameshaondoka na wageni, niliichukua simu mwenyewe. Nikafika getini. Mita thelathini na moja. Nilishika nguzo kidogo, nikarudi ndani. Siku iliyofuata tena. Na iliyofuata. Kile kimashine hakikunisifu wala kunisema, kilichora tu kamstari kafupi, nami nilikuwa nakatazama jioni kama mtu anayetazama picha ya mtoto. Wiki ya tatu, asubuhi ya ukungu, nilifungua geti. Nikaingia barabarani, nikakimbia. Miguu ilikumbuka kabla yangu.

Ila nilisahau jambo moja. Mashambani kwetu mtu mzima hakimbii bure. Ukimwona anakimbia, kuna moto, kuna mwizi, au kuna mtu anakata roho, na wajibu wako ni kushika chochote na kumfuata. Nilisikia vishindo nyuma yangu. Kugeuka, namwona Mama Paskalina na jembe, mumewe na rungu, na kina mama watatu wengine wanakuja, mmoja kaushika mwiko wa ugali. Nikaogopa, nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza.

Pale kona pumzi ikaniishia. Wakanizunguka.

"Nyumba inaungua?" akauliza Mama Paskalina.

"Hapana."

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mama. Nakimbia tu."

"Unakimbia nini?"

Nilifungua mdomo niseme mazoezi. Kikatoka kilio. Kile ambacho sikukilia mwaka na nusu kilitoka chote pale barabarani, mbele ya jembe na rungu.

Mama Paskalina akaweka jembe chini, akanikumbatia. "Sisi tulikuwa tunakusubiri," akasema.

Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nawasubiri wao. Wakatazamana. Ndipo akanieleza. Kwa wazee wao ulikuwepo mwiko: mama aliyefiwa na mtoto mchanga hukaa kwake, haendi kwa watu na watu hawaingii kwake, mpaka muda wake uishe. "Sisi wengi tumeshauacha," akasema. "Lakini tulivyoona hutoki, tukasema huyu Mchaga anaushika kuliko sisi. Ana heshima. Tukaogopa kukuvunjia. Tukawa tunakuachia maziwa getini."

Jamani. Wao wanaheshimu mwiko wangu, mimi nanuna nikidhani wananichukia, na wote tunaomba kwa Mungu yule yule.

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Mtoto alikuwa na jina?"

"Upendo," nikasema.

"Basi twende nyumbani, Mama Upendo. Uji utapoa."

Tangu siku ile naitwa hivyo. Nakimbia mara tatu kwa wiki, na Jumamosi Mama Paskalina huja na gambuti zake, anatembea nyuma yangu akinicheka. Hatujapata mtoto mwingine. Nalisema hili ili asiwepo anayedhani ushuhuda hauhesabiki mpaka umalizikie kwa kubeba mtoto. Bwana alinirudisha kwa watu, na watu wakanirudishia jina la mwanangu. Namshukuru kwa hilo, na kwa mume wangu aliyejua kuomba kidogo.

Ndugu yangu uliyejifungia, mwamini Bwana kwa hatua unayoiweza leo. Ya kesho iko mikononi mwake. Na sisi tulio nje, heshima isitufanye tupite kimya. Pale juu, karibu na mashine ya kusaga, kuna dada amezika mwezi uliopita, na mlango wake haujafunguliwa. Nikitoka hapa naenda kupiga hodi. Anayetaka tuongozane, nitakuwa pale mlangoni baada ya ibada. Leo tutatembea.